Mtoto Akiharisha: Namna ya Kumhudumia Nyumbani kwa Kipimo Sahihi

Ukiwauliza akina mama wa Mombasa dawa ya mtoto anayeendesha, wengi watakujibu bila kusita kwamba ni ORS, yaani ule unga wa chumvi na sukari wa pakiti unaokorogwa kwenye maji ya kunywa, na jibu hilo ni sahihi. Endelea kuwauliza pakiti moja huchanganywa na maji kiasi gani, mtoto hupewa kiasi gani baada ya kila choo, na maji hayo yakishakorogwa hukaa saa ngapi kabla ya kumwagwa, na hapo ndipo majibu yanapoanza kuachana: mmoja atasema glasi, mwingine atasema jagi, wa tatu atasema humwekea kwenye kikombe cha chai kwa sababu mtoto ni mdogo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya pengo hilo lililopo kati ya kuijua dawa na kuitumia inavyotakiwa, kwa sababu huduma ya nyumbani ya kuharisha haina ugumu, lakini ina kipimo, na kipimo kikikosewa dawa nzuri hukosa faida na pengine hudhuru.

Kuharisha maana yake ni mtoto kwenda choo laini mno au cha majimaji mara 3 au zaidi katika muda wa saa 24. Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama pekee huenda choo laini mara nyingi kwa siku, na hali hiyo peke yake si ugonjwa. Kinachopaswa kukushtua ni mabadiliko, yaani choo kuwa cha maji kuliko kawaida yake na kuja mara nyingi kuliko alivyozoea. Jambo la kushika kabla ya lolote ni kwamba kinachomuua mtoto anayeharisha, mara nyingi, si choo chenyewe bali ni maji na chumvi zinazotoka mwilini pamoja na choo hicho. Duniani kote kuharisha huwaua watoto wapatao 440,000 wa chini ya miaka 5 kila mwaka, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na wengi wao wangeokolewa kwa kurudishiwa mapema kile walichokipoteza.

Mtazame mtoto kwanza

Kabla hujakoroga chochote, mkalishe mtoto penye mwanga umwangalie vizuri. Je, macho yamedidimia? Je, analia bila machozi, mdomo wake mkavu, na nepi au nguo yake haijalowa mkojo kwa saa nyingi? Kama bado ni mdogo, pitisha kiganja juu ya utosi uone kama umebonyea. Kisha finya kwa upole ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu, halafu iachie: ngozi ya mtoto mwenye maji ya kutosha hurudi mara moja, ya aliyepungukiwa hurudi polepole, na ikichukua zaidi ya sekunde 2 hali ni ya hatari. Mpe kinywaji uone anavyokipokea. Mtoto anayekirukia kikombe kwa kiu na ambaye hatulii ameshaanza kukaukiwa. Mtoto aliyelegea, anayesinzia tu, asiyeweza kunywa wala kunyonya, huyo amekaukiwa sana na si wa kutibiwa nyumbani.

Mpeleke kituo cha afya bila kungoja kupambazuke ikiwa amelegea au hazinduki, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu anachopewa, amepata degedege, ana damu kwenye choo, au ana homa kali. Mtoto wa chini ya miezi 2 anayeharisha naye aonwe na mhudumu wa afya mapema, kwa sababu mwili wake hauna akiba. Nasisitiza pia kwamba safari isiwe muda wa mtoto kukaa bila kinywaji: ikiwa bado anaweza kunywa, beba chupa ya ORS na kijiko, na uendelee kumpa kidogo kidogo ndani ya matatu au mkiwa mnangoja feri. Mkaazi wa Likoni asifikirie kwamba lazima avuke hadi hospitali kuu ya Makadara, kisiwani, ndipo mtoto ahudumiwe. Aanze na kituo kilicho upande wake wa maji, kwa kuwa saa moja inayopotea kivukoni kwa mtoto aliyekaukiwa ni ndefu mno. Damu kwenye choo huhitaji dawa ya kuandikiwa, na kuharisha kunakofika siku 14 kunahitaji uchunguzi hata kama mtoto anaonekana mchangamfu.

Ikiwa dalili hizo hazipo, basi kazi ni yako, hapo hapo nyumbani.

Maji yapi, na kiasi gani

Pakiti za ORS si za ujazo mmoja. Zipo za kuchanganywa na nusu lita ya maji, na zipo za kuchanganywa na lita nzima, kwa hiyo soma maandishi ya pakiti kila unapoifungua hata kama umeshaitumia mara kumi. Unga wa pakiti ya lita moja una uzito wa gramu 20.5, na wa nusu lita ni nusu yake. Ukiona maandishi ya ujazo yamefutika, uzito huo utakusaidia kujua. Pakiti ya nusu lita ikitiwa kwenye lita nzima, mtoto atakunywa maji mengi yenye chumvi chache isiyotosha kurudisha alichopoteza. Kosa la kinyume chake ni baya zaidi: pakiti ya lita ikikorogwa kwenye kikombe kimoja, chumvi huzidi, huvuta maji kutoka kwenye chembechembe za mwili badala ya kuyarudisha, na huweza kumtia mtoto degedege. Usigawe unga ili ukoroge nusu leo na nusu kesho, kwa sababu chumvi na sukari zilizomo hazilali kwa usawa ndani ya pakiti, na nusu moja inaweza kuwa na chumvi nyingi kuliko nyingine.

Kipimo rahisi kabisa kinachopatikana kila nyumba ni chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita. Ioshe kwa sabuni, isuuze, ijaze maji mara moja kwa pakiti ndogo au mara mbili kwa pakiti kubwa, uyamimine kwenye chombo safi chenye kifuniko, kisha utie unga wote na ukoroge mpaka uyeyuke. Usiongeze sukari, juisi, maziwa wala soda ili kuifanya tamu. Usiichemshe baada ya kuikoroga. Ifunike, na yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage, hata kama yanaonekana masafi na pakiti ulinunua kwa pesa yako.

Hapa Mombasa kuna jambo ambalo halimo katika maandishi ya pakiti yoyote. Nyumba nyingi za kisiwani, na nyingine za Kisauni na Likoni, hutegemea visima kila mfereji unapokauka, na maji ya visima hivyo mara nyingi ni ya chumvi kwa sababu bahari iko karibu. Tumezoea kuyatumia kuogea na kufulia, na mwenye shida huyapikia. Lakini ORS imepimwa kwa maji yasiyo na chumvi. Ukiikoroga kwa maji ya kisima cha chumvi, unaongeza chumvi juu ya chumvi, na kuyachemsha hakukusaidii, kwa kuwa kuchemsha huua vijidudu na hakuondoi chumvi. Tafuta maji baridi, kama wazee wetu wanavyoyaita maji yasiyo ya chumvi, yawe ya mfereji au ya mkokoteni uliotoka kwenye bomba, uyaonje mwenyewe, kisha uyachemshe mpaka yatokote na uyaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Anayetumia dawa ya klorini afuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na asubiri muda ulioelekezwa kabla ya kuyanywa. Ikiwa mtoto yuko katika hali ya kukauka na hakuna kuni wala gesi, nunua maji ya chupa kwa siku hiyo.

Kumnywesha

Wengi hukoroga vizuri kisha hukwama hapa. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, na wa miaka 2 na kuendelea apewe mililita 100 hadi 200, na aachwe anywe zaidi akitaka. Kijiko cha chai huchukua mililita 5, kwa hiyo chukua kikombe kidogo, mfano wa kile cha kahawa chungu, ukijaze vijiko 10 vya maji, uangalie maji yamefika wapi: hapo ndipo mililita 50 zilipo. Vikombe vya kahawa havilingani, ndiyo sababu ni heri upime chako mara moja ukijue, kuliko kukisia kila mara mtoto anapolia usiku.

Tumia kijiko au kikombe badala ya chupa yenye chuchu, kwa sababu chupa ni ngumu kusafishwa na humfanya mtoto ameze kwa pupa. Mpe kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, na wengi hutapika, usihitimishe kwamba dawa imemkataa: ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi, kijiko kila dakika mbili au tatu. Hata mtoto anayetapika hubakiza sehemu kubwa ya anachomeza, mradi anapewa kidogo kidogo. Kazi hii inachosha, na mama mmoja hawezi kuifanya usiku kucha huku ana watoto wengine; baba, shangazi na jirani wana mikono ya kushika kijiko vilevile.

Sasa nifike kwenye lile linalowafanya wengi waiache ORS siku ya kwanza. ORS haikatishi kuharisha. Mama humpa mtoto, akaona choo kinaendelea kutoka, pengine kwa wingi uleule, akasema dawa hii haifai, akaenda kutafuta ya kufunga tumbo. Ilhali kazi ya ORS ni kurudisha maji na chumvi wakati ugonjwa unapita wenyewe, jambo ambalo huchukua siku kadhaa. Sukari iliyomo haikuwekwa kwa ajili ya utamu: utumbo wa mtoto anayeharisha bado unaweza kupokea sukari, na sukari ikipita hupita pamoja na chumvi, na chumvi huvuta maji. Mafanikio yako usiyapime kwa choo. Yapime kwa mkojo, kwa machozi, kwa macho yaliyorudi mahali pake na kwa mtoto anayetaka kucheza.

Vidonge vya zinki

Zinki ndiyo nusu ya matibabu inayosahaulika. Tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF zimeelekeza kwamba kila mtoto anayeharisha apewe zinki pamoja na ORS, kwa sababu hufupisha ugonjwa, hupunguza makali yake, na humkinga mtoto asirudiwe katika miezi 2 hadi 3 inayofuata. Mtoto wa miezi 6 na zaidi hupewa miligramu 20 kwa siku, ambazo kwa kawaida ni kidonge kimoja, na wa chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10, yaani nusu kidonge, kwa siku 10 hadi 14. Weka kidonge kwenye kijiko, utie maji safi kidogo au maziwa yako uliyoyakamua, kiyeyuke, umpe. Akikitapika kabla ya nusu saa kupita, mpe kingine. Hesabu ya siku isikatizwe kwa sababu choo kimekuwa kizuri siku ya tatu. Faida ya kumkinga hutokana na kumaliza. Ukienda duka la dawa ukapewa ORS peke yake, ulizia zinki kwa jina.

Ziwa, chakula na vinywaji vya nyumbani

Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko kawaida, usiku na mchana. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu bado wapo akina mama wanaoambiwa kwamba maziwa yao yameharibika, au kwamba mtoto amebemendwa, na kwa hofu na aibu wanamwachisha ziwa siku ile ile anayolihitaji zaidi. Maziwa ya mama hayaharibiki kifuani. Mama anayefunga Ramadhani huku mtoto wake mchanga anaharisha azingatie kwamba dini imempa ruhusa anyonyeshaye kula akimhofia mwanawe, kisha alipe baadaye.

Aliyeanza kula asinyimwe chakula kwa hoja ya kupumzisha tumbo. Mpe kidogo kidogo mara nyingi: uji mzito kiasi, wali laini, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, maziwa mgando, samaki aliyechambuliwa miiba vizuri, pojo zilizopikwa zikalainika. Kijiko kidogo cha mafuta au tui ndani ya chakula humwongezea nguvu. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa muda wa wiki 2 ili arudishe uzito alioupoteza. Nimeona mara nyingi mtoto akiokolewa na kuharisha kisha akabaki mnyonge kwa sababu chakula hakikuongezwa.

Kuhusu vinywaji, tuna urithi mzuri na mbaya. Maji ya wali yaliyotiwa chumvi kidogo na uji mwepesi ni vinywaji vizuri vya kumpa mtoto aliyekwisha anza kula mara tu choo kinapoanza kulainika, huku pakiti ikitafutwa. Dafu nalo ni zuri, lina potasiamu kwa wingi, ila halina chumvi ya kutosha kuchukua nafasi ya ORS. Mpe kando ya ORS, na linywewe likiwa limepasuliwa sasa hivi, si lile lililokaa kwenye chupa tangu asubuhi. Soda, juisi za pakiti na chai yenye sukari nyingi ziachwe, kwa sababu sukari ikizidi huvuta maji kuyaleta tumboni na kuzidisha choo. Strungi yenye ndimu ambayo nyanya zetu huipenda haimfai mtoto mdogo, na wala si badala ya ORS.

Pakiti ikikosekana kabisa usiku, changanya lita moja ya maji safi yasiyo ya chumvi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwe vimesawazishwa juu kwa mgongo wa kisu bila kurundikwa. Onja: yasizidi chumvi ya machozi, yakizidi, mwaga uanze upya. Huu ni msaada wa usiku mmoja tu, kwa kuwa hayana potasiamu na kosa dogo la chumvi ni rahisi kutokea. Asubuhi tafuta pakiti.

Ya kuepukwa

Dawa za kufunga choo zinazotumiwa na watu wazima zisipewe mtoto, kwani huweza kulemaza utumbo na kumletea madhara makubwa huku maji yakibaki yamejikusanya ndani. Dawa za kuua bakteria, zikiwemo metronidazole ambazo huombwa dukani kana kwamba ni pipi, hazisaidii kuharisha kwa kawaida kwa maji, ambako kwa watoto mara nyingi huletwa na virusi. Zina mahali pake, na mahali hapo huamuliwa na mhudumu aliyemwona mtoto. Majani ya mpera na mwarobaini yana heshima yake katika tiba zetu za watu wazima, lakini kwa mtoto mchanga hakuna ajuaye kipimo, na hatari kubwa ni kwamba muda wa kuyachemsha na kuyasubiri ni muda ambao mtoto hanywi ORS.

Kuota meno hakuleti kuharisha. Mtoto wa umri huo hutambaa na hutia kila kitu mdomoni, na hapo ndipo vijidudu vinapoingilia. Kwa hiyo usikubali ufizi wa mtoto ukwanguliwe kwa madai ya meno ya plastiki, jambo linalomwachia kidonda, damu na maambukizo. Utosi uliobonyea nao si maradhi ya peke yake yanayohitaji kupakwa kitu au kusukumwa kutoka kaakaani: ni alama ya ukame wa mwili, na hupanda wenyewe maji yakirudi. Mwenye kuhofia jicho la mtu amsomee mwanawe dua, na mkono mwingine ushike kijiko.

Kabla ya mara nyingine

Chanjo ya rota, kirusi kinachowaharisha sana watoto wadogo, ambayo Kenya iliiingiza katika chanjo za kawaida mwaka 2014, hutolewa kwa matone ya mdomoni kuanzia wiki 6, basi tazama kitabu cha kliniki kama mtoto amepata dozi zake zote. Choo cha mtoto kitupwe chooni, kwa kuwa kina vijidudu sawa na cha mkubwa, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumsafisha na kabla ya kumlisha. Masika yakinyesha na vyoo vikafurika karibu na visima, chemsha hata yale maji uliyokuwa ukiyaamini.

Weka nyumbani pakiti za ORS, vidonge vya zinki, na chupa tupu ya nusu lita iliyo safi, vyote mahali pamoja. Kisha fanya kitu kimoja zaidi. Miaka ya 1980 shirika la BRAC lilipita nyumba kwa nyumba nchini Bangladesh kuwafundisha akina mama kukoroga maji ya chumvi na sukari guru, na mshahara wa wale waliofundisha ulitegemea mama aliyefundishwa anakumbuka nini akija kuulizwa baadaye. Fuata mtindo huo kwako. Mwite yule anayebaki na mtoto unapokwenda kazini, awe nyanya yake, yaya au dada mkubwa, mpe pakiti na chupa, usimweleze neno, umwangalie anavyopima. Akikosea, mwelekeze kwa heshima, mrudie pamoja, na yale maji mliyoyakoroga mnywe nyinyi ili mjue ladha yake sahihi.